Sajini Mlangoni, Binti Jukwaani

Kila unapofika wakati wa mashindano ya muziki ya shule, watoto wa sekondari huleta nyumbani karatasi ndogo zenye mhuri wa mwalimu mkuu. Karatasi hizo huwaarifu wazazi kwamba kijana wao amechaguliwa kuimba, au kucheza ngoma, au kupiga chombo fulani, na chini yake huandikwa mchango unaotakiwa kwa ajili ya mavazi, usafiri na chakula. Mama huisoma mara mbili, akatabasamu. Baba huisoma mara moja tu, macho yake yakatua juu ya ile tarakimu ya mwisho, kisha akaiweka chini ya redio, mahali ambapo karatasi za namna hiyo hukaa mpaka zikasahauliwa.

Katika nyumba za askari jambo hilo lina uzito zaidi. Mshahara unajulikana siku yake na kiasi chake, tena umekwisha gawanywa kabla haujafika: karo, unga, fedha za kuwapelekea wazee kijijini, na deni la duka la kambini. Isitoshe, mtu ambaye kazi yake yote ni amri na utii huona vigumu kusadiki kwamba kutikisa mabega mbele ya watu ni sehemu ya masomo. Yaliyompata sajini mmoja wa polisi nchini Uganda yatawagusa wengi wenye kuishi katika nyumba hizo, na hasa wale ambao karatasi bado iko chini ya redio.

Sajini huyo alizaliwa katika nchi ya Waaluri, magharibi ya mto Nile, upande wa Nebbi. Baba yake alikuwa mpigaji wa adungu. Kwa msomaji asiyekijua chombo hicho, adungu ni kinubi. Gogo huchongwa likawa mfano wa mtumbwi mdogo, likawambwa ngozi, na katika ncha yake moja huchomoza mti uliopindika kama upinde. Nyuzi hutoka katika ile ngozi zikapanda hadi kwenye vigingi vilivyopachikwa katika upinde, na kwa kuvizungusha vigingi hivyo mpigaji hukaza au hulegeza sauti. Waaluri wa Uganda wanacho, na ndugu zao wa upande wa Mahagi nchini Kongo wanacho pia, maana mpaka uliochorwa katikati ya watu hao haukuweza kuzigawanya nyimbo zao. Zamani mpigaji alikaa peke yake akaimba na kujipigia mwenyewe. Siku hizi, hasa makanisani na shuleni, vinubi hivyo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia kile kidogo chenye sauti nyembamba hadi kile kikubwa chenye kunguruma, vikapigwa pamoja kama kwaya. Nyuzi za siku hizi ni za nailoni, ndugu wa zile zitumiwazo na wavuvi.

Baba yake sajini alikuwa wa wale wa zamani. Mtoto wake alipokuwa mdogo alikatazwa hata kukigusa kile chombo. Alipopata akili akafundishwa kukaza nyuzi. Na kabla hajafundishwa kupiga akapelekwa shule ya mbali, kisha akaandikishwa polisi. Mzee alipofariki, sajini alikuwa kazini Moroto, huko Karamoja. Ruhusa ilichelewa na barabara ilikuwa mbovu, akafika nyumbani mazishi yamekwisha. Akakaa siku mbili, akarudi kazini. Habari ya adungu hakuiuliza.

Baada ya Moroto alihamishiwa Kabale, baada ya Kabale Masaka, na baada ya Masaka Jinja. Alioa mwanamke wa Busoga, naye akamzalia watoto wanne, wa kwanza akiwa binti. Nyumbani walizungumza Kiswahili, kwa kuwa mama hakujua Kialuri, na Kisoga cha baba kilikwisha katika maamkizi. Mlango wa kushoto walikaa watu wa Teso, wa kulia jamaa kutoka Nebbi, na mbele yao familia ya Kiganda. Uwanjani watoto wao wote walicheza kwa Kiswahili kimoja. Ni vema ikumbukwe kwamba katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na baraza la mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima, watoto wa kambini walikuwa wamekwisha kukinywa pamoja na maziwa ya mama zao. Hawakushukuriwa kwa hilo. Binti wa sajini alipoingia kidato cha kwanza wenzake walimcheka kwa kusema lugha ya askari. Na walipomwuliza kabila lake alifikiri kidogo, akajibu, "Sisi ni wa polisi."

Wakacheka tena. Mtoto hakuwa amefanya mzaha.

Mwalimu wa muziki katika shule yake alikuwa kijana wa Kigisu, ambaye alijifunza adungu alipokuwa akisomea ualimu. Jambo hilo si la ajabu nchini humo. Katika mashindano ya shule, watoto wa kusini hucheza bwola ya Waacholi, na watoto wa kaskazini huvaa njuga wakacheza runyege ya Banyoro na Batooro, na waamuzi humpima kila mtu kwa namna alivyojifunza. Mwaka ule vijana wengi walikimbilia ngoma kubwa. Binti wa sajini, ambaye hakupenda kusukumana, akajikuta amesimama karibu na vinubi. Mwalimu akampa kimoja cha kadiri, akamwonyesha mahali pa kuweka vidole, naye kwa muda wa wiki tatu akarudi bwenini vidole vikimwuma.

Likizo ilipofika alimwuliza baba yake, "Baba, mwalimu anasema adungu ni ya Waaluri. Sisi si ni Waaluri?"

Baba alikuwa akipiga rangi viatu vyake vya gwaride. Akajibu bila kuinua kichwa, "Mwakani una mtihani wa kidato cha nne. Soma hesabu."

Haifai kumhukumu upesi mtu huyu. Alikuwa amewaona vijana wengi wenye vipaji wakiishia kupiga magitaa katika baa kwa malipo ya chupa, na mabinti wengi wakiharibikiwa njiani kati ya mazoezi na nyumbani. Hofu yake ilikuwa hofu ya mzazi mwenye akili. Lakini ndani ya hofu hiyo mlikuwa na kitu kingine ambacho hakukisema, wala pengine hakukijua: lile swali la binti lilimrudisha katika nyumba ambayo alifika humo siku mbili baada ya mazishi.

Karatasi yenye mhuri ilipokuja, ikaenda chini ya redio. Mama alingoja siku tano. Siku ya sita, baada ya chakula cha jioni, alianza kuzungumza juu ya mambo ya kwao Busoga. Huko kuna tarumbeta za mung'unye ziitwazo bigwala. Kila tarumbeta hutoa sauti moja tu, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuupiga wimbo; hutakiwa watu watano au zaidi, kila mmoja akiingiza sauti yake mahali pake, ndipo wimbo hukamilika. Zilipigwa katika sherehe kubwa za jadi, hata wakati wa kutawazwa kwa wafalme. Ufalme wa Busoga ulipofutwa pamoja na falme nyingine za Uganda mwaka 1967, tarumbeta hizo zilikosa mahali pa kulilia. Falme zilirudishwa katika miaka ya 1990, lakini mwaka 2012, wakati UNESCO ilipoziandika bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa upesi, mafundi waliosalia walikuwa wazee wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ikabidi vijana wakusanywe wafundishwe, na mung'unye wenyewe upandwe upya.

"Kwetu zilinyamaza," mama alisema, "kwa sababu kila mtu alingoja mwenzake aanze."

Sajini alisema kwamba maneno hayo ni mazuri, ila mfuko hauyajui. Akaenda kulala. Mama akaitoa karatasi chini ya redio, akahesabu fedha za mandazi alizokuwa akiziweka katika kopo la chai, na asubuhi akazipeleka shuleni mwenyewe. Hakumwambia mumewe. Alirudi na pungufu ya fedha za ngano, na kwa majuma mawili akakaanga mandazi madogo kuliko kawaida. Wateja walinung'unika, akawaambia ngano imepanda bei, jambo ambalo kwa kweli halikuwa uongo mkubwa.

Kuna dhana katika kambi nyingi kwamba muziki ni mambo ya raia. Yafaa wenye dhana hiyo watazame nyuma kidogo. Askari wa King's African Rifles, ambao kikosi chao cha nne kilikuwa cha Uganda, walitembea masafa marefu wakiimba nyimbo za Kiswahili ili miguu isihesabu maili. Polisi ya Uganda ina bendi yake mpaka leo, na hakuna sikukuu ya taifa inayopita bila tarumbeta zake. Wimbo wa taifa wenyewe, uliotungwa na George Kakoma, uliimbwa bendera ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, na tangu siku hiyo hakuna askari, hata awe mgumu namna gani, ambaye hasimami wima anapousikia. Na gwaride ni nini? Watu mia moja wakikanyaga chini kwa sauti moja hawana tofauti kubwa na wacheza ngoma, isipokuwa kwamba hawaruhusiwi kutabasamu.

Sajini wa kisa hiki alijulikana sana kwa gwaride. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wapya, na ilisemwa kwamba angeweza kugeuka nyuma na bado akamtaja kwa jina kijana aliyechelewa kwa nusu ya hatua katika mguu sawa. Sikio hilo hakulipata katika chuo cha polisi.

Mashindano ya shule huanza chini yakapanda: shule, wilaya, mkoa, kisha taifa. Ndivyo ilivyo Uganda, na mfano wake uko Kenya, ambako mashindano ya muziki yamekuwapo tangu mwaka 1927. Watoto hushindana kwa nyimbo za jadi, nyimbo walizotunga wenyewe, ngoma, vyombo, na nyimbo za kwaya za kizungu. Watu hujaa, mafundi wa picha husukumana, na wauza maji na karanga hujaribu kuingia kwa nguvu. Kwa hiyo polisi huombwa. Siku ya mashindano ya wilaya, sajini alipewa askari watatu na kutumwa kulinda mlango wa ukumbi. Alijua kwamba shule ya binti yake itashiriki. Hakujua kwamba binti yake mwenyewe atakuwamo, maana aliamini kuwa karatasi haijatoka chini ya redio.

Tangu saa tatu za asubuhi alisimama mahali pake, mikono nyuma, uso kwa watu na ubavu kwa jukwaa, kama ipasavyo kazini. Shule zilipanda na kushuka. Alimwondoa mlevi mmoja. Alimrudishia mama mmoja mtoto aliyepotea. Kuelekea adhuhuri likaitwa jina la shule ya binti yake, katika kundi la vyombo vya jadi, wakapanda vijana kumi na wawili wamebeba vinubi, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa mwanawe.

Koplo aliyesimama naye akamnong'oneza, "Afande, yule si binti yako?"

"Tazama mlango," sajini akasema.

Yeye mwenyewe hakuutazama. Alimwona binti akiketi, akiweka adungu pajani, akipitisha kidole juu ya nyuzi bila kutoa sauti, kama mtu ahesabuye watoto wake usiku. Mwalimu akainua mkono. Vile vikubwa vikaanza kwa chini, vya kati vikaingia, vidogo vikarukaruka juu yake, na mara sauti ya kuimba ikapanda peke yake kutoka upande wa kushoto. Ilikuwa sauti ya binti. Aliimba kwa Kialuri.

Hilo ndilo lililomshinda sajini. Angeweza kustahimili vinubi. Lakini lugha ambayo hakuwahi kumfundisha, ambayo haikusemwa katika nyumba yake hata siku moja, ilitoka katika kinywa cha mtoto wake mbele ya mamia ya watu wa makabila yote, tena ikatoka imenyooka, na maneno mawili matatu ameyatamka hasa kama wanawake wa vijiji vya karibu na kwao. Baadaye ndipo alipojua sababu. Binti alikuwa akienda jioni za likizo kwa jirani wa mlango wa kulia, mke wa konstebo kutoka Nebbi, akimsaidia kuchambua mchicha, na mama huyo akimrekebisha ulimi neno kwa neno. Yaliyopaswa kufundishwa na baba yalifundishwa na jirani, umbali wa hatua nne kutoka mlango wake, naye hana habari.

Katikati ya wimbo, sikio lile lililokamata vijana wa gwaride likasikia uzi mmoja umelegea. Wa nne. Ulikuwa wa adungu ya binti. Wengi ukumbini hawakusikia, lakini sajini alihisi mgongo wake ukikaza. Binti naye alisikia. Bila kuacha kuimba, wala kuinamisha kichwa, aliendelea kupiga kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukapanda upinde, kidole gumba kikasukuma kigingi polepole, kiasi cha unywele, mpaka uzi ukarudi mahali pake. Kisha mkono ukashuka, ukaendelea na wenzake.

Sajini aliwahi kuiona ishara ile mara nyingi sana. Aliiona akiwa amekaa chini, magoti kidevuni, kando ya miguu ya baba yake.

Ukumbi ulipolipuka kwa makofi, polisi mlangoni hawakupiga makofi, kwa kuwa askari aliye kazini hapigi makofi. Ila koplo alieleza baadaye kambini kwamba afande alishusha kofia yake mpaka karibu na pua, na kwamba kwa dakika mbili au tatu wauza karanga wote wa Jinja wangeweza kuingia humo bila kuulizwa.

Shule ile ilipata nafasi ya pili. Mwamuzi alisifu ulinganifu wa nyuzi na sauti ya kiongozi, akasema kwamba mwishoni walikimbia, vikubwa vikaachwa nyuma. Kwa kadiri alivyosema, alikuwa na haki. Mzazi mmoja wa shule nyingine alisimama akaanza kumfokea mwamuzi kwa sababu ya alama za mwanawe. Sajini akamshika mkono kwa adabu akamtoa nje. Wazazi wa namna hiyo wako kila mahali. Wao hufikiri kwamba wanamtetea mtoto, ilhali mtoto yuko nyuma yao amejifunika uso kwa aibu. Wako pia wale wa pili, ambao huja tu iwapo mtoto ameshinda, na wa tatu, ambao humpongeza mtoto kwa kumlinganisha na ndugu yake aliyeshindwa. Kujivunia mtoto ni jambo jema, lakini kuna wanaojivunia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, wakipunga tikiti hewani na kusahau kuitazama.

Zamu ilipokwisha sajini alizunguka nyuma ya ukumbi. Wanafunzi walikuwa wakifunga vinubi katika blanketi, wengine wakilia kwa kukosa nafasi ya kwanza. Walipoona polisi anakuja kwa hatua zile walitawanyika, wakidhani kuna kosa. Binti alibaki peke yake, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanyamaza. Kisha, "Uzi wa nne ulilegea."

"Ulilegea, baba. Nikaukaza."

"Nimeona."

Basi, hayo ndiyo yaliyosemwa. Akamgusa bega kwa ncha za vidole, kama mtu ajaribuye joto la pasi, akaenda zake.

Wasomaji wa kike watasema kwamba hizo si pongezi. Mkewe alisema vivyo hivyo, tena kwa sauti ya juu, siku binti aliporuhusiwa kuja nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa wiki na kueleza yaliyotokea. Mama alisema kwamba mtoto hawezi kula ncha za vidole; kwamba mwanamume anayeweza kumwita kijana mzembe kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto anaweza pia kumwita mwanawe hodari kwa sauti ya kusikika chumbani. Katika jambo hili mama alikuwa na haki kabisa. Askari wengi wamezoea kwamba kutokemewa ndiko kusifiwa. Kwenye uwanja wa gwaride hilo hutosha. Nyumbani mtoto hungoja neno, na asipolipata hulitafuta kwa watu wengine, na si wote wanaolitoa bure.

Jambo lenyewe la kuchekesha ni kwamba kwa muda wa wiki nzima kambi haikuzungumza kitu kingine. Sajini, ambaye hakupata neno kwa binti yake, alikuwa akimweleza kila aliyemsalimu habari ya uzi wa nne: ulivyolegea, ulivyosikika, mkono ulivyopanda bila wimbo kukatika. Alimweleza mtunza ghala. Alimweleza inspekta, ambaye alikuwa amekuja kwa habari ya mafuta ya gari. Alimweleza hata yule konstebo wa mlango wa kulia, na alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mama wa nyumbani mwako, mwambie nashukuru."

Jioni ile ya mapumziko, baada ya mama kusema yake, sajini alikaa muda mrefu. Redio ilikuwa imezimwa. Mwisho akasema, akiwa ametazama taa kuliko mtu, "Babu yako alikuwa akikaza hivyohivyo. Kwa kidole gumba, bila kutazama."

Binti aliweka chini bakuli alilokuwa akilifuta. "Babu yangu alipiga adungu?"

Hakuwa akijua. Miaka kumi na sita katika nyumba moja, na wiki zote zile za vidole vyenye malengelenge, na hakuna aliyemwambia. Mama naye hakujua. Sajini aliwatazama wote wawili, akaona kwamba kosa ni kubwa kuliko alivyokadiria. Akaanza kusimulia. Alisimulia juu ya kule kukatazwa kugusa, na juu ya siku ya kwanza aliporuhusiwa kuzungusha kigingi, na juu ya mzee alivyokuwa akipigia wageni mpaka mbalamwezi ikatua. Alisimulia pia juu ya Moroto, na ruhusa iliyochelewa. Wadogo waliamshwa na mazungumzo, wakaja wakaketi mkekani. Alipokwama katika maneno ya wimbo mmoja, yeye Mualuri aliyezaliwa Nebbi, binti alimkumbusha, kwa kuwa aliyasikia kwa jirani.

"Umeimba vizuri," hatimaye alimwambia. "Siku ile. Uliimba vizuri sana."

Mshahara ulipotoka, katika kopo la chai zilikutwa fedha ambazo mama hakuziweka. Mandazi yakarudi kuwa na ukubwa wake. Sajini akaomba likizo ya Desemba, akamwambia afisa wake kwamba ana shughuli ya kifamilia magharibi ya Nile, na safari hii atakwenda na watoto.

Kabla ya hapo alimpigia simu kaka yake. Waliongea kwanza juu ya mvua, na muhogo, na bei ya ng'ombe, kama ilivyo desturi ya watu walionyamaziana muda mrefu. Kisha akauliza kama ile adungu ya mzee ingali ipo. Kaka yake alikwenda kutazama, akarudi baada ya muda akasema kwamba ilikuwa juu ya dari ya jiko. Panya wamekula ngozi, nyuzi hazipo, vigingi viwili vimepotea. Lakini moshi umezuia mchwa, na mti wenyewe ni mzima.

Binti alipoambiwa habari hiyo, aliuliza jambo moja tu: ngozi ya ng'ombe, sokoni, huuzwa kiasi gani?